Muulize Anayevuna, Usimwulize Anayeuza

Mvua ikikatika hapa Murara, mtaa wa mji wa Goma, zunguka nyuma ya nyumba yoyote yenye paa la bati ulitazame jiwe linalopokea maji ya mfereji. Ni jiwe la volkano, jeusi, lenye vitundu na makali, la aina ile ile tunayojengea misingi na nyua zetu. Ila pale maji yanapodondokea, weusi umetoweka na jiwe limevaa kijani. Lipitishie kidole, linateleza. Likwangue kwa kisu leo, na mvua za siku chache zijazo zitalivika tena. Hakuna aliyelinunua jiwe hilo kwa kazi hiyo, wala hakuna aliyelitunza.

Naanza na jiwe hilo kwa sababu linatukanwa bila kosa. Mtu wa Goma anayefuga tilapia katika tangi la saruji au la turubai, akitaka kuotesha mwani wa kujishikiza ili samaki wapate cha kula na maji yasichafuke upesi, hupewa ushauri mmoja: tafuta wavu maalumu wa plastiki, ikiwezekana ule ulioagizwa kutoka nje, kwa kuwa mwani mzuri unataka nyenzo nzuri. Jiwe, huambiwa, ni mambo ya kale. Mwanzi utaoza. Mfuko wa vitunguu ni umaskini. Na asiye na pesa ya wavu asubiri mpaka aipate. Maneno haya yamerudiwa hadi yamekuwa kama kanuni, na wengi wanaoyasema wana nia njema. Hata hivyo yamekosea, na yanamgharimu mtu ambaye hana cha kupoteza.

Nasema hivi: uso wa kuoteshea mwani hauchaguliwi kwa jina la nyenzo wala kwa bei yake. Huchaguliwa kwa kumtazama atakayeuvuna. Mvunaji akiwa mdomo wa samaki, uso unaofaa ni mmoja. Mvunaji akiwa mkono wa mtu, unaofaa ni mwingine. Muuzaji wa wavu hamjui mvunaji wako. Wewe unamjua.

Tuelewane kwanza kuhusu mwani wenyewe, maana neno hili wengi hulisikia wakawaza majani ya baharini. Katika maji baridi kuna mwani wa namna mbili. Upo unaoelea, chembe ndogo zisizoonekana moja moja, ambazo zikizidi hugeuza maji ya tangi kuwa kama mchuzi wa mboga. Huo ni mgumu kuuvuna; unahitaji chujio laini mno au mashine. Na upo unaojishikiza: kwenye jiwe, kwenye mti uliozama, kwenye ukuta wa tangi. Huu wa pili ndio ukoga wa kijani au wa kahawia unaotutelezesha tukichota maji ziwani Kivu. Unakula kile kile kinachochafua tangi, yaani amonia na mabaki mengine ya naitrojeni na fosforasi yanayotoka kwa samaki, nao hukaa mahali pamoja ukimngoja anayeuhitaji.

Katika mji wetu hilo si jambo dogo. Goma imekaa kando ya ziwa lenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,370, lakini kaya nyingi bado hununua maji kwa bidoni, yakisukumwa kwa chukudu, lile toroli letu la mbao, au kubebwa kwa pikipiki. Mfugaji anayemwaga maji ya tangi kila yanaponuka anamwaga pesa. Chakula cha samaki cha dukani nacho kina bei yake. Uso mmoja unaootesha mwani hupunguza gharama zote mbili kwa pamoja: husafisha maji na kulisha samaki. Ndiyo maana sikubali mtu aambiwe asubiri.

Sasa nizipime hoja za wanaoshikilia wavu, na nizipime kwa haki, kwa kuwa zina uzito.

Hoja yao kubwa ni kwamba sayansi imeshaamua. Je, imeamua nini? Mwaka 2010, Michael Johnson na Zhiyou Wen wa Virginia Tech, Marekani, walilinganisha nyenzo kadhaa, hata dodoki likiwemo, kwa kuoteshea mwani wa Chlorella katika maji ya samadi ya ng'ombe wa maziwa. Iliyoshinda ni povu la polistirini, lile jeupe linalowekwa kwenye maboksi ya televisheni. Mwaka 2012, Logan Christenson na Ronald Sims wa Utah State University walitumia silinda inayozunguka, nusu ndani ya maji na nusu hewani. Kwao iliyofanya vizuri ni kamba ya pamba. Mwaka uliofuata, watafiti wa Iowa State University wakitumia mkanda unaozunguka kwa namna inayofanana na hiyo walichagua kitambaa kizito cha pamba. Na kabla ya hao wote, mwaka 1982, Walter Adey wa Smithsonian mjini Washington alipata hataza ya kifaa chake cha kusafishia maji kwa mwani, ambacho wengi leo hukijua kwa wavu wake wa plastiki.

Povu, kamba ya pamba, kitambaa cha pamba, wavu wa plastiki. Kazi zote hizi ni za watu makini, na kila moja ilikuwa na jibu lake. Kama nyenzo yenyewe ingekuwa siri ya mavuno, majibu yangeelekea upande mmoja. Hayakuelekea, kwa sababu kila kundi lilikuwa na maji yake, mwani wake, na juu ya yote, namna yake ya kuvuna. Utah walikuwa na kamba ndefu inayopitishwa kwenye kikwanguo na kurudi. Kamba ya pamba inavumilia hilo. Iowa walikuwa na mkanda unaokwanguliwa kwa ubapa. Virginia walikwangua povu kisha wakarudisha lile lile majini, na jambo lenye faida zaidi katika kazi yao ni hili: mabaki ya mwani yaliyobaki yamekamata baada ya kukwangua yaligeuka mbegu ya mavuno yaliyofuata. Mtu akichukua jina la povu akaliacha funzo la mabaki, amebeba ganda na kutupa kiini.

Adey naye ameeleweka nusu. Huyu alikuwa mtafiti wa miamba ya matumbawe. Alichokiona huko baharini ni kwamba mwani mfupi, unaotafunwa na samaki mchana kutwa, hukua kwa kasi ya ajabu kwa sababu haupewi nafasi ya kuzeeka. Kifaa chake kiliiga hali hiyo: maji mafupi, mwanga mkali, ndoo inayojaa na kupinduka ili maji yaje kwa mawimbi, na kukwanguliwa kila baada ya siku chache. Wavu ulikuwa kishikizo tu. Huku kwetu tumeletewa habari za wavu, lakini mawimbi na kikwanguo vimeachwa njiani. Mtu huutumbukiza wavu wake wa bei kwenye maji yaliyotuama, chini kabisa ambako jua halifiki, asiuvune kwa mwezi mzima, kisha anashangaa mwani umeng'oka wenyewe na kuoza. Wavu haukumdanganya. Aliyemdanganya ni yule aliyemwambia kwamba kununua kunatosha.

Hoja yao ya pili ni ya uso wenyewe: kwamba plastiki ina sifa ambazo jiwe halina. Hapa inafaa tuangalie kinachotokea uso wowote unapozama majini. Kwa muda mfupi tu, unavikwa utando mwembamba wa vitu vya asili vilivyoyeyuka ndani ya maji. Juu ya utando huo hutua bakteria, nao hutoa ute. Juu ya ute hufika diatomu, mwani wa kahawia wenye magamba ya silika, na baadaye nyuzi za kijani. Nyuzi hizo zinapofika, hazigusi tena plastiki wala jiwe. Zinagusa nguo ambayo nyuso zote zimevaa. Ndani ya maabara yenye maji safi yaliyochemshwa, na kwa saa za mwanzo, aina ya nyenzo hujionyesha. Ndani ya tangi la samaki la Murara, baada ya siku kumi, tofauti hiyo imefunikwa. Kinachobaki na nguvu ni umbo la uso: je, una mikwaruzo na vijishimo ambamo chembe inaweza kujibana maji yasiisombe? Na kikwanguo kikipita, je, vijishimo hivyo vinabakiza mbegu?

Ukiuliza maswali hayo mawili, jiwe la volkano halina haja ya kuona aibu. Lava iliyoshuka kutoka volkano ya Nyiragongo tarehe 17 Januari 2002, ikakata mji katikati hadi ziwani, ilipoa ikiwa imejaa mapovu ya gesi. Ndiyo yale matundu tunayoyaona. Kila jiwe lililopasuliwa hapa Goma lina mamia ya vijishimo kwenye uso wake. Turubai laini, kwa upande wake, huota mwani haraka na kuupoteza haraka. Mchana jua likiwa kali, mwani hutoa oksijeni, mapovu yake hukusanyika chini ya utando, na utando wote hubanduka kama ngozi iliyoungua na kuelea. Anayefuga ndani ya shitingi, kama tunavyoyaita maturubai hayo hapa mjini, ameliona jambo hili mara nyingi.

Lakini sitaki kushinda malumbano kwa hoja mbovu, na upande wangu una hoja moja mbovu ambayo lazima niizike. Wapo wanaotetea jiwe kwa kusema lina matundu mengi, kwa hiyo eneo lake ni kubwa, kwa hiyo mwani wake utakuwa mwingi. Hapana. Mwani hula mwanga. Tundu lenye giza halioteshi mwani hata likiwa na urefu wa mkono. Ujerumani wamejaza mawe ya volkano ya Eifel katika minara ya kusafishia maji taka, na matundu hayo yanafanya kazi nzuri, lakini kazi hiyo ni ya bakteria, na bakteria hawahitaji jua. Jiwe letu hutoa mwani kwenye ngozi yake ya nje inayoona anga, basi. Anayerundika mawe hadi nusu ya tangi amejenga nyumba ya bakteria na mtego wa kinyesi. Mwani atapata kwenye tabaka la juu peke yake. Mawe ya kuoteshea mwani hupangwa tabaka moja, kwenye maji mafupi, yakiwa yameachana.

Sasa nirudi kwa mvunaji, maana hapo ndipo malumbano haya yanapokatwa.

Hatuhitaji kwenda mbali kujifunza habari za midomo. Kusini mwetu, kwenye pwani za mawe za Ziwa Tanganyika, kuna samaki wanaoishi kwa kula ukoga wa miamba tu. Watafiti wa Kongo wa kituo cha Uvira, pamoja na wenzao kutoka Japani, waliwachunguza kwa miaka mingi. Petrochromis ana meno mengi membamba kama brashi. Huchana nyuzi na kukusanya diatomu zilizojificha katikati yake. Tropheus ana midomo ya kung'ofoa nyuzi zenyewe. Wawili hawa hujilisha kwenye mwamba mmoja, kila mmoja akivuna chake, na mwamba haujawahi kubadilishwa. Uso huo umevumilia meno kwa vizazi visivyohesabika kwa sababu ni mgumu, una mikwaruzo, na haung'oki pamoja na chakula.

Tilapia wetu hana meno ya Petrochromis, lakini naye ni mlaji hodari wa mwani unaojishikiza. Hukwangua, huvuta, husukuma kwa pua. Kwake wavu mwembamba unaoning'inia una kasoro mbili: unayumba anapouma, na ukichakaa kwa jua unatoa vipande vya plastiki ambavyo humezwa pamoja na mwani. Kwake jiwe bapa au fito ya mwanzi iliyosimikwa ni bora kuliko wavu wa bei yoyote. Faida ya fito za mwanzi imethibitishwa Bangladesh katika mabwawa halisi. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Bangladesh, mjini Mymensingh, na wenzao wa Wageningen, Uholanzi, walisimika fito za mianzi katika mabwawa ya samaki na kuona mavuno yakipanda kwa sababu ya ukoga ulioota juu yake. Huko India waliojaribu makapi ya miwa na mabua ya mpunga waligundua pia tatizo moja: vitu laini vinavyooza haraka hunywa oksijeni ya maji.

Na Afrika ilijua kabla ya maabara. Wavuvi wa Benin wamekuwa wakisimika matawi kwenye nyangwa zao tangu zamani, mtindo wanaouita acadja. Samaki huja kujificha na kula ukoga wa matawi hayo. Ubaya wake ni kwamba matawi huoza na misitu hukatwa kila mwaka kuyafidia. Ndiyo maana Ivory Coast, kwenye wangwa wa Ebrié, walijaribu mianzi badala ya matawi. Sisi tunaoishi kando ya hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925 na inayokatwa kila siku kwa ajili ya makaa ya kupikia, hatuna haki ya kuiga matawi ya Benin. Mwanzi tutumie ule uliopandwa shambani, na usitolewe mbugani. Jiwe halikati mti hata mmoja.

Mvunaji akiwa mkono wa mtu, nakubali bila kusitasita: jiwe linashindwa. Ni zito, linakata vidole, na mwani wa ndani ya vijishimo haufikiwi na kikwanguo. Anayetaka kukausha mwani na kuuchanganya kwenye chakula cha kuku, au anayefuga kambale, samaki asiyekwangua ukoga na ambaye kwake mwani ni wa kusafisha maji tu, huyo anahitaji kitu cha kuinua, kukwangua na kurudisha. Huyo anahitaji wavu. Lakini anahitaji wavu upi? Ule mfuko wa wavu wa vitunguu unaotupwa sokoni Virunga una nyuzi, una matundu, na ukiwambwa kwenye fremu ya mbao unakaa wima majini. Uoshe vizuri, ukwaruze kwa msasa, uning'inize mahali maji yanapopita. Ukichakaa baada ya miezi kadhaa, tafuta mwingine. Hapa tena bei haikuwa na neno la kusema.

Kuna wavu mmoja ambao naonya dhidi yake kwa nguvu zote: chandarua cha mbu chenye dawa. Kinapatikana nyumba nyingi kwa sababu hugawiwa bure, kina matundu madogo yanayovutia, na mtu anaweza kudhani kilichochakaa hakina madhara. Dawa yake ni ya jamii ya pairethroidi, na jamii hiyo ni sumu kali kwa samaki na kwa wadudu wa majini hata kwa kiasi kidogo sana. Chandarua kibaki kitandani kumlinda mtoto. Kikizama kwenye tangi la samaki, kinaua.

Saruji nayo ina neno lake. Ukuta mpya wa saruji hutoa chokaa ndani ya maji na kuyafanya makali; mwani husita na samaki huumia. Ujazwe maji na kumwagwa mara kadhaa kwa wiki chache kabla ya kuwekwa kiumbe. Baada ya hapo, saruji iliyoachwa bila kulainishwa kwa mwiko ni uso mzuri sana, na wengi wanao tayari bila kujua. Fundi anayesugua ukuta wa ndani ya tangi hadi ung'ae kama sahani amefanya kazi ya urembo na kumnyima mwenye tangi malisho.

Hoja ya tatu ya wapinzani ni ya hadhi. Wanasema tukiendelea na mawe na mifuko ya vitunguu tutabaki nyuma, na kwamba wenzetu wa nchi nyingine wanakwenda na nyenzo za kisasa. Nawaomba waitazame Zanzibar. Kilimo cha mwani wa baharini kilipoanza kibiashara huko mwaka 1989, vifaa vilikuwa vigingi, kamba, na vikamba vyembamba vya kufungia ambavyo wakulima huviita taitai. Wanawake wa Paje na Jambiani walijenga nyumba na kusomesha watoto kwa vifaa hivyo. Mwani ule hufungwa, haujishikizi wenyewe kama wetu, lakini funzo ni moja. Miaka ilipopita na mwani wenye bei, ule wa cottonii, ukaanza kufa katika maji mafupi, tatizo halikuwa kwenye kamba. Maji yalikuwa yamepata joto kupita uwezo wa mwani. Flower Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari huko Zanzibar, alipowapelekea wakulima neti za mirija, lengo lilikuwa kuupeleka mwani kwenye maji ya kina, yenye ubaridi. Kifaa kilibadilishwa kwa sababu swali la maji lilikuwa limeshaulizwa. Huo ndio usasa ninaouheshimu: kujua kwanza kinachokuzuia, kisha kutafuta kifaa cha kukiondoa.

Na hapa Goma kinachozuia mwani mara nyingi ni vitu vitatu ambavyo haviuzwi. Cha kwanza ni mwanga: uso uliozama sana, au tangi lililofunikwa bati lote. Cha pili ni mwendo wa maji: maji yaliyotuama huuacha mwani na njaa hata kama chakula kipo sentimita chache kando yake; bomba dogo, au hata mtoto anayemimina maji kwa kopo asubuhi na jioni, hubadilisha hali. Cha tatu ni vumbi. Wakati wa kiangazi vumbi jeusi la barabara zetu hutua kwenye kila kitu kilicholala, na uso uliolala chali huzikwa. Uso uliosimama au ulioinama kidogo hujisafisha. Huku, kwenye nyuzi chini ya mbili kusini mwa ikweta, uso uliosimama ukielekea mashariki na magharibi hupata jua la asubuhi upande mmoja na la jioni upande wa pili. Mtu akirekebisha hayo matatu, jiwe lake litampa zaidi ya wavu wa jirani aliyeyapuuza.

Nimesikia pia wanaosema kwamba mjadala huu ni wa kupoteza muda, kwamba mwani utaota popote, basi mtu aweke chochote. Hawa nao nawapinga, maana wamekimbilia ukingo wa pili. Mwani huota popote, ni kweli, lakini hauvuniki popote. Waulize wafugaji wa tilapia katika vizimba vya ziwani. Neti zao huota ukoga kwa kasi hata matundu kuziba, maji yakashindwa kupita na samaki wakakosa oksijeni. Kwao uso unaoshika mwani vizuri ni adui wa kusuguliwa kila mara. Neti ile ile ingemfaa mwingine kama dhahabu. Uso ni mzuri au mbaya kwa kazi fulani na kwa mvunaji fulani, na anayesema "chochote" amekataa kufikiri sawa na anayesema "cha bei ghali".

Kwa hiyo sitaki niaminiwe kwa sababu nimesema kwa sauti. Nataka watu wapime, na kipimo chenyewe kiko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa sekondari. Chukua nyuso nne za ukubwa mmoja, tuseme sentimita 20 kwa 20: jiwe lililopasuliwa bapa, kipande cha saruji kisicholainishwa, mfuko wa vitunguu uliowambwa, na wavu ule wa dukani kama jirani anao. Ziweke tangi moja, kina kimoja, mahali penye jua moja, penye neti ya kuzuia samaki wasile. Mwani ukiota, kwangua kila mmoja kwa namna ile ile, anika hadi ukauke kabisa, upime. Mwani mbichi usiupime, kwa sababu utakuwa unapima maji. Kisha rudisha nyuso majini bila kuziosha, usubiri tena siku zile zile, uvune tena. Na mara ya tatu.

Mavuno ya kwanza usiyaamini. Hayo hupendelea uso mpya na nyuzi zenye haraka. Ni ya tatu ndiyo yanayosema uso upi umebakiza mbegu, upi umebanduka, upi umeanza kuoza. Wengi wa wanaosifu wavu wa kigeni walisimama kwenye mavuno ya kwanza, wakapiga picha, wakaandika ripoti.

Nawaomba walimu wa baiolojia wa shule zetu walifanye jaribio hili uani, kila muhula, na matokeo yaandikwe ubaoni yabaki. Nawaomba wanaotoa mafunzo ya ufugaji wa samaki waondoe orodha ya vifaa kwenye ukurasa wa kwanza wa somo lao, waweke hapo swali: nani atavuna? Nawaomba wafadhili wanaotaka kusaidia wafugaji wa mji huu walipie pampu ndogo na mizani ya kupimia mwani mkavu kabla hawajalipia roli za wavu. Na wewe mfugaji wa Murara, ambaye umekaa na tangi tupu ukingoja pesa ya nyenzo nzuri, acha kungoja. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Lava ile iliyotufukuza mwaka 2002, tukarudi tukajenga juu yake, imelala uani kwako. Pasua jiwe moja, liweke bapa kwenye maji mafupi yenye jua, na uhesabu siku.

Mavuno ya tatu yatakupa jibu, na hilo ndilo la kufuata.